Tuache Kuungaunga Mchoro Wakati Mashine Ndiyo Imepinda

Msimu wa miradi ya mwaka wa nne ukifika, ukipita karibu na mashine ya leza pale karakana utasikia sentensi moja ikirudiwa na kila kundi: "Punguza kidogo kwenye mchoro, itaingia tu." Gia mbili zimekatwa, zimevishwa kwenye shafti zake, zinakwama. Mtu anafungua laptopu, anashusha gia nzima kwa asilimia 2 au 3, anaomba zamu nyingine. Safari hii zinaingia. Watu wanagongeana mikono, picha inapigwa kwa ajili ya ripoti, bora liende.

Naipinga sentensi hiyo, na naiomba serikali yetu ya wanafunzi iipinge pamoja nami, kwa sababu si suala la kiufundi peke yake. Ubao na akriliki tunanunua wenyewe, wengi wetu kwa pesa ya boom. Zamu ya mashine ni fupi. Na alama, kama kila mtu anavyojua, ziko kwenye gia inayozunguka siku ya kuwasilisha. Hakuna anayekuuliza umefanyaje hadi ikazunguka. Ukijumlisha hayo unapata wahandisi wanaohitimu wakiwa mabingwa wa kuungaunga.

Wenzangu wa Sheria na Ualimu, nivumilieni kidogo. Gia ya kawaida meno yake yamenyooka. Gia ya meno ya mshazari, jino lake linapanda huku likijizungusha, kama uzi wa skrubu. Faida yake ni kwamba jino haliingii lote kwa mpigo. Linaanza kugusa upande mmoja, linaendelea polepole hadi upande wa pili, na kabla halijatoka jingine limeshaingia. Ndiyo maana gia hizo zinazunguka kwa utulivu. Daladala yenye gia za mkono ikirudi nyuma, mara nyingi unasikia ule mlio wa kuvuma unaopanda kadiri gari linavyoongeza mwendo. Ni kwa sababu gia ya rivasi mara nyingi ni ya meno yaliyonyooka, wakati zile za kwenda mbele ni za mshazari. Tofauti hiyo umeisikia tangu utotoni, hukuambiwa tu jina lake.

Sasa, leza yetu haijui mshazari. Mwale unashuka wima, ubao umelala, na kichwa kinakwenda kushoto, kulia, mbele na nyuma, basi. Kila mwaka linatokea kundi lenye wazo la kuweka kabari chini ya ubao ili uiname, kisha wakate gia yote kwa mkupuo mmoja. Wazo linavutia, lakini halifiki popote hata mashine ingekuwa mpya kabisa. Ukiinamisha ubao nyuzi 20 na kukata duara zima, meno yote yanaegemea upande mmoja. Izungushe gia hiyo mkononi uone: jino la upande wa kulia limelalia huku, la upande wa kushoto limelalia kinyume chake, na yale ya mbele na nyuma hayana mshazari wowote, yameinama tu kuelekea katikati au kutoka nje. Hiyo ni gia iliyokatwa upogo, haitazunguka na kitu chochote.

Ili kabari ifae, ungelazimika kukata nafasi moja kati ya meno, uizungushe gia kwenye mhimili wake, ukate nyingine, na kila mara upime kutoka alama ya mwanzo. Ukipima kutoka jino lililotangulia, kosa la nyuzi 0.1 linajilimbikiza: kwenye meno 30 limeshakuwa nyuzi 3, robo nzima ya nafasi ya jino. Na bado kuna lenzi. Mteremko wa nyuzi 20 wenye urefu wa milimita 20 una tofauti ya kimo ya karibu milimita 7, wakati lenzi ya kawaida inakata vizuri ndani ya milimita chache tu. Juu mkato utakuwa mwembamba na safi, chini utakuwa mpana na mweusi kama mkaa.

Njia inayofanya kazi ni ya matabaka. Unakata vipande vyembamba vya gia ileile, meno ya kila kipande yamezungushwa kidogo kuliko ya kipande cha chini yake, unavipanga juu ya pini mbili na kuvigundisha. Hesabu yake ni fupi: unene wa tabaka mara tanjenti ya pembe ya mshazari, gawanya kwa nusu kipenyo. Kwa gia ya meno 30 yenye kipenyo cha milimita 60, ubao wa milimita 3 na mshazari wa nyuzi 20, kila tabaka linasogea nyuzi 2.09, yaani milimita 1.09 kwenye duara la meno. Matundu ya pini hayasogei kabisa. Matabaka 5 yanakupa gia ya milimita 15 yenye ngazi ndogondogo badala ya mteremko laini, na kwa mfano wa maonyesho inatosha.

Kuna utamu mmoja hapa ambao lazima niuseme. Gia mbili za mshazari kwenye shafti sambamba lazima mshazari wao upingane, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto. Wengi wanakata gia mbili zinazofanana wakidhani watageuza moja chini juu. Haigeuki! Skrubu ukiisimamisha kwa kichwa inabaki skrubu ileile. Lakini ukiyapanga matabaka yaleyale kwa mfuatano wa kinyume, la juu likawa la chini, bila kugeuza hata moja, unapata mwenzi wake halisi. Nikiona mtu anakata upya matabaka 5 kwa kutolijua hilo, roho inaniuma kama pesa ni yangu.

Nirudi kwenye hoja. Muhula uliopita kulikuwa na kundi, si letu, lililokuwa likitengeneza mfano wa mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Gia zao mbili, meno 30 kila moja, zilikuwa na tabia za kichawi. Jumatatu zinakwama. Jumanne wamezitoa na kuzirudisha, zinazunguka vizuri tu. Jumatano zinakwama tena, na hakuna aliyegusa mchoro. Kundi likagawanyika: wapo waliolaumu programu ya kuchorea, wapo waliosema ubao umenyonya unyevu, mmoja akamgeukia fundi wa karakana. Mwishowe wakafanya lile ambalo kila mtu hufanya, gia nzima ikashushwa kwa asilimia 3. Zikazunguka. Walipata alama nzuri, na sina kinyongo nao.

Lakini hebu ifuatilie ile asilimia 3. Shafti zao zilikuwa zimepishana milimita 60, na hizo hazikusogezwa. Kipenyo cha kila gia kikashuka kutoka 60 hadi 58.2. Meno yaliyotakiwa kuingiliana kwa kina cha milimita 4 sasa yanaingiliana kwa milimita 2 na ushee. Ukizungusha kwa mkono mbele ya jopo, bila mzigo, nani ataona? Funika kombe mwanaharamu apite. Shida ni kwamba mchoro ule haukubaki karakana. Ulichapishwa na kupelekwa kwa mafundi wa mtaani kuulizia bei ya gia za chuma. Mashine inabaki chuoni, mchoro ndio unaosafiri, na wao walikuwa wameupakia ugonjwa wa mashine yetu. Fundi wa mtaani ana mashine yake iliyonyooka, atakata vilevile karatasi inavyosema. Siku gunzi litakapobana ndani, mzigo wote utakaa kwenye ncha za meno.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Baada ya wao kumaliza, mimi na mwenzangu tulikata mraba wa milimita 200 kwenye kadibodi, tukapima mishazari yake miwili, kona kwa kona. Kila mmoja ulipaswa kuwa milimita 282.8. Mmoja ulimzidi mwenzake kwa milimita 1. Hiyo ni karibu nyuzi 0.2 za kutokuwa na pembemraba. Kile kiunzi kinachobeba kichwa cha leza huvutwa na mikanda miwili yenye meno, mmoja kila upande, na mkanda wa upande mmoja ulikuwa umeruka jino moja. Jino moja la mkanda ni milimita 2. Upana wa kiunzi ni milimita 600. Gawanya, unapata hizohizo nyuzi 0.2. Fundi alilegeza, akarudisha jino, akakaza, tukakata mraba mwingine. Robo saa, pamoja na maneno ya utani.

Ndipo uchawi wa Jumatatu na Jumanne ukaeleweka. Kila duara lililokatwa kwenye mashine ile lilikuwa yai: kwenye gia ya milimita 60, kipenyo kimoja kinazidi kingine kwa milimita 0.2. Kundi lile lilikuwa makini, lilishafidia ule upana unaoliwa na leza wakati wa kukata, hadi meno yakawa hayana nafasi ya bure. Ukizipanga gia mbili kiasi kwamba upande mrefu wa moja unakutana na upande mfupi wa nyingine, zinafidiana mzunguko mzima na huoni kitu. Ukizitoa, ukazirudisha upande mrefu kwa upande mrefu, zinakwama mara mbili kila mzunguko. Unyevu haukuhusika. Fundi wa watu hakuhusika.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kugusa mchoro ni hili: inakwama mara ngapi kwa mzunguko mmoja? Weka alama ya penseli, zungusha taratibu, hesabu. Mara moja, tundu la katikati halipo katikati, au ni pana kuliko shafti na gia inayumba. Mara mbili, duara ni yai, kapime mashine. Kila jino, hapo ndipo unapoweza kuanza kushuku umbali wa shafti, umbo la jino, au ule mkato wa leza. Na hata mkato, tufikiri kidogo: leza inakula ubao, kwa kawaida sehemu ya kumi mbili tatu za milimita, kwa hiyo usipofidia meno yanakuwa membamba na gia zinacheza. Gia inayokwama na ambayo hukufidia mkato wake, ukiipunguza tena unatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Kitu kingine cha bure: chora mshale mdogo kwenye kila kipande, ukielekea mlango wa mashine, leza iuchome juujuu. Kipande kikishatoka kwenye ubao hakuna anayekumbuka kililala vipi. Gia ikikwama daima kwenye nyuzi 45 kutoka mshale, kiunzi hakina pembemraba. Ikikwama kwenye mshale wenyewe au pembeni yake kabisa, basi mwendo wa upande mmoja hauko sawa na wa upande mwingine. Mshale mmoja unamaliza ubishi wa siku tatu.

Wima wa mwale nao una hila. Wengi wakiona ukingo wa jino umeinama wanasema "vioo vimehama", wanataka kufungua mashine. Simamisha kwanza skwea kwenye kingo nne za mraba mdogo wa akriliki nene. Kingo zinazotazamana zikiegemea upande mmoja, mwale kweli umeinama, na hapo vioo vitatu vikaguliwe: unabandika tepu ya karatasi mbele ya kioo, unachoma nukta kichwa kikiwa karibu, unachoma tena kikiwa mbali, nukta mbili lazima zikae mahali pamoja. Mfuniko ukiwa umefungwa, tafadhali, maana mwale wa leza ya CO2 hauonekani kwa macho, na jicho halina spea. Lakini kingo zinazotazamana zikiegemeana, kama kuta za kichuguu, vioo havina kosa. Hiyo ni tabia ya mwale uliopita kwenye lenzi, unabana kisha unatanuka, na dawa yake ni kimo cha lenzi au ubao mwembamba zaidi. Kwenye gia ya matabaka jambo hili linadanganya sana, kwa sababu mwegemeo usiotakiwa unajificha ndani ya mshazari unaotakiwa.

Kuna makosa ambayo si ya mashine wala ya mchoro. Ubao ulioandikwa milimita 3 dukani unaweza kuwa 2.8 au 3.2. Ukikata gia moja kwenye ubao huu na mwenzake kwenye ubao ule, tabaka la kwanza linakutana na la kwanza, lakini kufika la tano yameshapishana, na ngazi ya gia moja inagonga ngazi ya nyingine. Pima kwa venia kabla ya kulipa, na gia zinazooana zitoke ubao mmoja. Halafu mshazari wenyewe unasukuma. Kwa nyuzi 20, zaidi ya theluthi ya nguvu inayozungusha inageuka kuwa msukumo wa kuisogeza gia kwenye shafti. Ndiyo maana gia inazunguka vizuri mkononi, ukiweka mzigo inakwama: imeteleza nusu tabaka. Hapo usiguse jino, tafuta kola ya kuzuia. Au panga matabaka yapande upande mmoja hadi katikati kisha yarudi, jino liwe kama mshale, misukumo iuane. Zile alama mbili za kofia kwenye nembo ya Citroën zimetokana na gia za aina hiyo.

Najua watakaosema mchoro nao hukosea. Hukosea, tena sana. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua moduli iliyopimwa kwa kukata jino mshazari, kisha kuchora nayo kipande bapa ambacho leza inakikata kwa kukatisha mhimili. Hizo ni moduli mbili tofauti. Ya kwanza ikiwa 2 na mshazari ni nyuzi 20, ya pili ni 2.13. Gia ya meno 30 inatofautiana karibu milimita 4 kwa kipenyo. Mmoja wa kundi akichora kwa hii na mwingine kwa ile, hakuna fundi wala mganga atakayezioanisha. Kosa hilo lirekebishwe kwenye mchoro kwa sababu ndiko liliko. Ninachokataa ni kurekebisha mchoro bila kujua kosa liko wapi.

Watakaosema muda hautoshi, wana haki, na hapo ndipo nawageukia viongozi wetu. Karakana inatuhesabia dakika za mashine, na kipande cha majaribio kinahesabiwa sawa na kipande cha mradi. Mwenye akili ya kawaida hatatumia dakika zake kukata mraba wa kadibodi, ataenda moja kwa moja kwenye gia, aombe Mungu. Naomba dakika 10 za mwanzo wa kila zamu ziwe za majaribio, zisihesabiwe, na kadibodi za maboksi ya stoo, ambazo sasa zinachomwa moto nyuma ya jengo, ziwekwe pale kwa kazi hiyo. Pembeni ya mashine litundikwe daftari: tarehe, mishazari ya mraba, upana wa mkato, nani kapima. Kundi la mchana lisianze kwa kugundua upya kilichogunduliwa asubuhi.

Na kwenye alama, idara ikubali kurasa mbili za "kilikwama wapi, nilipima nini, nilikuta nini" zihesabiwe kama sehemu ya mradi. Lekchara mmoja niliyemweleza hili alisema wanafunzi watatunga. Inawezekana. Lakini kutunga vipimo vya mishazari vinavyolingana na mahali gia inapokwama ni kazi ngumu kuliko kukata mraba wenyewe, na anayeweza kuifanya basi ameshaelewa somo.

Kamati ya taaluma inakutana kabla ya zamu za muhula mpya kupangwa. Hoja nimeiandika, ina ukurasa mmoja na saini kumi na saba hadi sasa, na imebandikwa kwenye mlango wa karakana. Kalamu ipo, imefungwa kwa uzi.